Kabla umeme haujakatika: kuita makatizo ya mfumo kutoka programu ya C

Programu ya daftari la duka inapoandika "Imehifadhiwa" kwenye skrini, usiiamini bado. Mara nyingi kilichotokea ni hiki: mwandishi wake aliita `fprintf`, nayo `fprintf` ikayaweka maneno kwenye bafa iliyo ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, kisha ikarudi. Diski haijaguswa. Palipo na umeme wa uhakika, pengo hilo hupita bila mtu kuliona. Goma huonekana. Anayefanya kazi Birere au Katindo anajua jinsi umeme unavyoondoka bila kuaga, na mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, umeme na intaneti vilipotea kwa pamoja. Mauzo yaliyokuwa yanasubiri kwenye bafa hayarudi umeme ukirudi.

Nakuandikia wewe unayesoma C pale ISIG, UNIGOM au ULPGL, au unayejifundisha mwenyewe kwa kompyuta ya mtumba, na sasa umefika mahali ambapo maktaba ya kawaida ya C haitoshi. Unataka kuuambia mfumo moja kwa moja: andika sasa, kisha unijibu kama umeandika. Njia ya kushukia huko ni katizo. Tutaanzia DOS kisha tuhamie Linux, ambako kazi yako ya kweli itafanyika. Najua wengi watakushauri uiruke DOS kwa kuwa ni ya kale. Mimi nakushauri usiiruke. Katika DOS hakuna kilichofichwa kati yako na prosesa, na saa chache ukiwa humo zitakufanya uielewe Linux kwa namna ambayo kurasa nyingi za nadharia haziwezi.

Katizo hufanya nini

Prosesa ikiwa kazini haiwezi kuiuliza kibodi kila mara kama kuna kitufe kilichobonyezwa. Ingepoteza muda wake wote ikiuliza. Badala yake kibodi huibipu prosesa. Prosesa huona bipu, huacha kazi iliyokuwa ikifanya, hukumbuka ilipoishia, huenda kushughulikia kitufe, kisha hurudi palepale. Hilo ni katizo la maunzi. Kuna na aina ya pili, nayo ndiyo tunayoitaka zaidi: programu yenyewe hutoa amri `int` ikifuatwa na namba, na prosesa hufanya safari ileile, safari hii kwa ombi lako.

Namba hiyo inaelekeza wapi? Kwenye prosesa za familia ya 8086, mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, kuanzia anwani 0, kuna jedwali lenye nafasi 256. Kila nafasi ina baiti 4 zinazotaja anwani ya kipande cha programu kinachoshughulikia katizo lenye namba hiyo. Jumla ni baiti 1024. Ukisema `int 21h`, prosesa huchukua anwani iliyoko nafasi ya 21 kwa heksadesimali na kuruka huko.

Tangu IBM PC ya 1981, namba hizi zimekuwa na wenyewe. BIOS inashika 10h kwa skrini, 13h kwa diski, 16h kwa kibodi na 1Ah kwa saa. DOS inashika 21h, ambayo peke yake ina huduma nyingi mno: mafaili, tarehe, kumbukumbu, kufunga programu. Kipanya kinapatikana kwa 33h. Unachagua huduma kwa kuweka namba yake katika rejista AH kabla ya kuita, unaweka mahitaji mengine katika rejista nyingine, na majibu unayakuta katika rejista hizohizo baada ya kurudi. Ukilishika hilo umeshika sehemu kubwa ya kazi.

Zana, na kibodi yako

Windows ya biti 64 haiendeshi tena programu za biti 16, kwa hiyo usijaribu moja kwa moja humo. Weka DOSBox, au kama una kompyuta kuukuu isiyo na kazi, weka FreeDOS juu yake bila kitu kingine. Kompaila itakuwa Turbo C ya Borland, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1987, au Open Watcom ikiwa katika hali ya DOS ya biti 16. Mifano hapa ni ya Turbo C. Jozi ya `int86` na `int86x` ipo kwenye zote mbili.

Hakuna kimoja kati ya hivi kinachohitaji intaneti kikishanakiliwa. Siku mtandao ukiwa mzuri, jaza flashi yako: kompaila, DOSBox, na orodha ya makatizo ya Ralf Brown, toleo la 61 la mwaka 2000. Orodha hiyo ni maandishi matupu, na inaeleza katizo kwa katizo ni rejista gani inaingia na nini na inatoka na nini. Hakuna kitabu kinachoizidi kwa kazi hii. Kwa upande wa Linux, hakikisha kurasa za `man` zimo ndani ya kompyuta. `man 2 fsync` inafunguka hata mnara wa simu ukiwa kimya.

Kisha kibodi. Zilizo nyingi mjini ni AZERTY, kwa sababu shule zetu ni za Kifaransa, ilhali DOS ikiwaka bila kuambiwa kitu hudhani ni kibodi ya Marekani. Andika `keyb fr` kabla ya kuanza. Bila hivyo utabonyeza A upate q, na mabano ya C utayatafuta mpaka uchoke. Baada ya amri hiyo, `{` iko kwenye AltGr na 4, `[` kwenye AltGr na 5, `#` kwenye AltGr na 3, na `\` kwenye AltGr na 8.

Jambo hili lina mafunzo ndani yake pia. Ukiita katizo 16h ukiwa na AH sifuri, unapewa vitu viwili: AL ina herufi, AH ina namba ya kitufe kulingana na mahali kilipo kwenye kibodi. Kitufe chenye maandishi A kwenye AZERTY kinarudisha 10h katika AH, kwa kuwa kiko pale ilipo Q ya Wamarekani. Ukiandika programu inayosoma AH ili kutambua herufi, itafanya kazi kwako na kuharibika kwa jirani mwenye kibodi nyingine. Herufi isome kwa AL. AH iachie mishale na vitufe vya F1 hadi F10.

Programu ya kwanza: saa

```
#include <dos.h>
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    union REGS r;

    r.h.ah = 0x2C;            /* huduma: nipe saa */
    int86(0x21, &r, &r);      /* ita DOS */
    printf("Saa %02d:%02d:%02d\n",
           r.h.ch, r.h.cl, r.h.dh);
    return 0;
}
```

Kompaili kwa `tcc saa.c`, kisha endesha `saa`. `union REGS` ni picha ya rejista za prosesa ndani ya C. Ina sura mbili juu ya kumbukumbu ileile: `r.x.ax` ni rejista nzima ya biti 16, `r.h.ah` na `r.h.al` ni nusu zake mbili. Ukibadilisha `r.h.ah` umebadilisha na `r.x.ax`. `int86` hunakili thamani zako kwenye rejista za kweli, huita katizo, kisha hunakili zilizorudi. Hoja ya pili ni zinazoingia, ya tatu ni zinazotoka. Unaweza kutumia muundo mmoja kwa zote mbili kama hapa, ila kumbuka kwamba ulichoweka kimefutwa na majibu.

Badilisha 2Ch iwe 2Ah upate tarehe: mwaka katika CX, mwezi katika DH, siku katika DL. Kwenye kompyuta ya mtumba jaribio hili litakuonyesha pia hali ya betri ndogo ya ubao mama. Ikiwa imekufa, tarehe inaweza kurudi 1980, mwaka ambao DOS huanza kuhesabu. Programu yoyote ya mauzo inapaswa kuuliza tarehe hiyo inapowaka na kukataa kuendelea ikiona mwaka usiowezekana. Daftari lenye mauzo ya 1980 halimsaidii mtu.

Dola inayokata sentensi

Mifano mingi ya DOS inaandika maneno kwenye skrini kwa huduma ya 09h: weka anwani ya maneno katika DX, ita 21h, basi. Huduma hiyo haijui urefu wa maneno yako. Inaandika mpaka ikutane na alama ya `$`, inaishia hapo, na alama yenyewe haiiandiki.

Goma bei nyingi hutajwa kwa dola, na alama huwekwa baada ya namba. Ipe 09h maneno "Sambaza 1 kg: 5$, maharage gunia: 60$" na mteja ataona "Sambaza 1 kg: 5". Bei zangu ni za mfano, lakini kukatika huko ni kwa kweli. Kwa hiyo sahau 09h kabisa, tumia 40h, inayoandika idadi ya baiti uliyoitaja wewe:

```
#include <dos.h>
#include <string.h>

int andika(char *maneno)
{
    union REGS r;
    struct SREGS s;
    char far *p = maneno;

    segread(&s);
    r.h.ah = 0x40;
    r.x.bx = 1;                  /* 1 ni skrini */
    r.x.cx = strlen(maneno);
    s.ds   = FP_SEG(p);
    r.x.dx = FP_OFF(p);
    int86x(0x21, &r, &r, &s);

    if (r.x.cflag) return -1;
    return r.x.ax; /* baiti zilizoandikwa */
}
```

Hapa kuna mambo matatu ya kutazama kwa makini.

Kwanza anwani. Prosesa ya biti 16 hutaja mahali pa kumbukumbu kwa namba mbili, segmenti na umbali kutoka mwanzo wa segmenti hiyo. DOS inatarajia segmenti katika DS na umbali katika DX. Ukikompaili kwa muundo mdogo wa kumbukumbu, DS huwa tayari iko sahihi na `int86` ya kawaida ingetosha. Ukikompaili kwa muundo mkubwa, maneno yako yanaweza kuwa kwenye segmenti nyingine, na bila `int86x` utaandika takataka kwenye skrini. Ninapendelea kuiandika hivi tangu mwanzo, ili siku programu itakapokua isivunjike. Na usiiache `segread`: inajaza DS na ES kwa thamani halali kabla hujagusa chochote. Muundo wa `SREGS` usiojazwa unapeleka namba za bahati nasibu kwenye ES, na kompyuta inaweza kuganda.

Pili, kuruka mstari. Ndani ya `printf`, `\n` inatosha kwa sababu maktaba huiongezea mwenzake. Hapa umeshuka chini ya maktaba, kwa hiyo andika `\r\n`, la sivyo mstari unaofuata utaanzia pale uliopita ulipoishia, na maandishi yatashuka kama ngazi.

Tatu, herufi za Kifaransa. Kiswahili hakina shida humu, kila herufi yetu ni baiti moja. Lakini ukiandika "reçu" au "quantité" kwenye kihariri cha kisasa, faili litahifadhiwa kwa UTF-8, ambamo é ni baiti mbili, C3 na A9. DOS haiijui UTF-8 na itaonyesha alama mbili za ajabu. Katika kurasa za herufi 437 na 850 é ni 82h, hivyo andika `"quantit\x82"` au hifadhi faili kwa ukurasa wa 850.

Kuuliza kama imefika

Turudi kwenye umeme. DOS huandika ukubwa wa faili kwenye orodha ya saraka wakati faili linapofungwa. Programu ikifungua `DAFTARI.TXT` jipya asubuhi na kupanga kulifunga jioni, umeme ukikatika saa nane mchana unaweza kulikuta faili lina baiti sifuri, ingawa sehemu ya data ilishafika diskini. Data ipo, ila hakuna kinachosema ni ya nani. Wengi hulaumu diski. Kosa ni la programu iliyokaa siku nzima bila kuuliza.

Huduma ya 68h, iliyoanza na DOS 3.3, inalazimisha yote yaandikwe, pamoja na ukubwa, bila kufunga faili:

```
int thibitisha(FILE *f)
{
    union REGS r;

    if (fflush(f) != 0) return -1;
    r.h.ah = 0x68;
    r.x.bx = fileno(f);
    int86(0x21, &r, &r);
    return r.x.cflag ? -1 : 0;
}
```

Angalia kuna hatua mbili, na mpangilio wake haubadiliki. `fflush` inatoa maneno kutoka bafa ya C hadi kwa DOS. 68h inayatoa kwa DOS hadi diskini. Ukifanya ya pili bila ya kwanza, umeilazimisha DOS kuandika kitu ambacho hujaikabidhi.

Kisha `cflag`. Kuna biti moja ya prosesa ambayo DOS hutumia kama alama ya kosa katika huduma za mafaili. Ikirudi 1, AX ina namba ya kosa: 2 ni faili halikupatikana, 5 ni kuzuiwa, 6 ni namba ya faili isiyo halali. Ikirudi 0, AX ina jibu. Usisome AX kabla ya kutazama biti hii, kwa sababu 5 inaweza kuwa kosa na inaweza kuwa baiti tano. Na unapotumia 40h kuandika diskini kuna mtego mmoja zaidi: diski ikijaa, biti hiyo hubaki 0 na AX hurudi ikiwa ndogo kuliko CX uliyoomba. Linganisha kila mara.

Tahadhari juu ya DOSBox. Mafaili yake yako mikononi mwa mfumo ulio nje, Linux au Windows, kwa hiyo jibu zuri la 68h humo halithibitishi kuwa data imegusa diski. DOSBox itumie kujifunzia namna ya kuita. Kwa daftari la kweli, tumia FreeDOS kwenye kompyuta halisi au, bora zaidi, Linux.

Kulipokea katizo badala ya kuliita

Saa ya kompyuta hukatiza prosesa mara 18.2 kwa sekunde, na kila mara BIOS huita 1Ch, ambayo imeachwa wazi kwa ajili ya programu kama yako. Unaweza kuweka anwani yako kwenye jedwali:

```
void interrupt (*ya_zamani)(void);
volatile unsigned long mapigo = 0;

void interrupt yangu(void)
{
    mapigo++;
    ya_zamani();
}

/* ndani ya main: */
ya_zamani = getvect(0x1C);
setvect(0x1C, yangu);
/* ... kazi ... */
setvect(0x1C, ya_zamani);
```

Kwa njia hii unaweza kuhesabu mapigo na kuita `thibitisha` kila baada ya mapigo 546, yaani sekunde 30 hivi. Lakini iite ndani ya `main`, kamwe usiiite ndani ya `yangu`. DOS haiwezi kuingiliwa ikiwa katikati ya kazi yake. Ukiiita 21h kutoka ndani ya katizo la saa wakati 21h nyingine inaendelea, zote mbili zinaharibika, na pengine saraka ya diski pamoja nazo. Ndani ya katizo ongeza namba tu, kisha utoke.

Neno `volatile` linaizuia kompaila kudhani kwamba `mapigo` haibadiliki. Na kwa kuwa `unsigned long` ni rejista mbili kwenye mashine ya biti 16, saa inaweza kupiga ukiwa umesoma nusu ya kwanza na hujasoma ya pili. Zunguka usomaji kwa `disable()` na `enable()`, na kati yake nakili thamani tu.

Mstari wa mwisho, wa kurudisha anwani ya zamani, ndio unaosahaulika zaidi. Programu ikifa kwa Ctrl-C kabla ya kuufikia, jedwali linabaki likielekeza kwenye kumbukumbu ambayo si yako tena, na pigo linalofuata la saa linaruka gizani. Weka kishughulikiaji chako kwa `ctrlbrk` kinachorudisha anwani kabla ya kutoka.

Linux: mlango mmoja wenye mlinzi

Linux haikuruhusu kufanya lolote kati ya hayo ya jedwali. Jedwali lipo, lakini ni la kerneli, na programu ya kawaida ikijaribu `int 10h` inauawa papo hapo kwa kosa la segmenti. Kwenye prosesa za Intel za biti 32 uliachwa mlango mmoja, `int 80h`, ukiwa na namba ya huduma katika EAX. Kwenye biti 64 mlango umekuwa amri yenyewe ya prosesa, `syscall`, na namba zimebadilika: kuandika ni 1, kutoka ni 60, na ile tunayoitafuta, `fsync`, ni 74.

```
static long mwito(long n, long a, long b, long c)
{
    long jibu;
    __asm__ volatile ("syscall"
        : "=a"(jibu)
        : "a"(n), "D"(a), "S"(b), "d"(c)
        : "rcx", "r11", "memory");
    return jibu;
}
```

Utaona ni jambo lilelile la `int86`: namba katika RAX, mahitaji katika RDI, RSI na RDX, jibu katika RAX. Amri ya `syscall` huharibu RCX na R11, ndiyo maana tunaiambia kompaila isiweke kitu humo. `"memory"` inailazimisha kompaila kumaliza kuandika vigeu vyako kwenye kumbukumbu kabla ya kuita. Hakuna biti ya kosa. Jibu kati ya -1 na -4095 ni kosa, na ukiliondolea alama ya kutoa unapata namba yake: 5 ni hitilafu ya kifaa, 28 ni diski imejaa.

Usichanganye milango. Programu ya biti 64 inayotumia `int 80h` hukatwa anwani zake zibaki biti 32, na maneno yaliyo kwenye staki hayatapatikana, utarudishiwa -14. Na kwenye bodi za ARM, kama Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64, amri ni `svc` na `fsync` ni 82. Kwa sababu hiyo, baada ya kujifunza kwa `mwito`, programu ya duka iandike kwa funksheni ya maktaba, ambayo inajua namba ya kila mashine:

```
int thibitisha(FILE *f)
{
    if (fflush(f) != 0) return -1;
    return fsync(fileno(f));
}
```

Bila `fsync`, kerneli ya Linux kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kukaa na mabadiliko yako sekunde 30 hivi kabla ya kuyapeleka diskini. Kwa Windows, usiende kutafuta namba za chini, zinabadilika toleo hadi toleo. Ita `FlushFileBuffers` na uishie hapo.

Ita `thibitisha` baada ya kila mauzo, kabla ya kuonyesha "Imehifadhiwa". Ni mwito wa polepole, hasa kwenye flashi, lakini mteja mmoja kila dakika chache hatauona. Ukiwa unaingiza maelfu ya mistari kutoka daftari la zamani, ita mara moja kila baada ya mistari mia. Kila mauzo yawe mstari mmoja mzima unaoishia kwa jumla ya kuhakikishia, ili programu ikiwaka upya itambue mstari wa mwisho ulioandikwa nusu na kuutupa. Na ukihitaji kubadilisha faili zima, mfano orodha ya bei, andika jipya kwa jina la muda, lithibitishe, kisha `rename` juu ya la zamani, na uite `fsync` kwenye saraka yenyewe. Hapo umeme ukikatika utapata orodha ya zamani au mpya, hutapata mchanganyiko.

Kujaribu

Anza kwa `strace -e trace=write,fsync ./daftari`. Fanya mauzo moja. Lazima uone `write`, halafu `fsync` ikirudisha 0, halafu ndipo `write` ya "Imehifadhiwa" kwenda kwenye skrini. Mpangilio ukiwa mwingine, rekebisha kabla ya kuendelea.

Kisha jaribu kwa umeme wenyewe, kwenye kompyuta isiyo na betri wala data ya maana. Andika kitanzi kinachoongeza namba kwenye faili, kinaita `thibitisha`, na baada tu ya kupata 0 kinaonyesha namba hiyo kwenye skrini. Rekodi skrini kwa video ya simu, na chomoa waya. Ikishawaka, linganisha namba ya mwisho ya video na ya mwisho ya faili. Faili likiwa sawa au likiwa mbele kwa moja, kazi yako ni nzima. Likiwa nyuma ya skrini, rudi kwenye `strace` kwanza. Na kama huko kila kitu kiko sawa, basi diski yenyewe inajibu "tayari" ikiwa bado inashikilia data kwenye bafa yake ya ndani. Kwenye diski za SATA jaribu kuizima bafa hiyo kwa `hdparm -W0`, rudia jaribio, na ikishindwa tena, tafuta diski nyingine kwa ajili ya daftari.